Okot p'Bitek, Mshairi Aliyegombana na Kanisa Lililomlea



Tangu vijana wetu wa Akheri walipotangaza kwamba mchezo wao wa safari hii utahusu maisha ya Okot p'Bitek, maswali hayajakoma. Wazee wa kanisa wawili wamenijia kwa nyakati mbalimbali. Mmoja alitaka kujua huyu ni mtakatifu gani wa Uganda ambaye hakumbukwi katika kalenda ya Kitabu cha Sala. Mwingine, ambaye amekwisha kukisoma Wimbo wa Lawino, alitaka kujua kwa nini mtu aliyelisema Kanisa namna ile apandishwe jukwaani na watoto waliobatizwa. Yule wa kwanza nilimjibu kwa sentensi moja. Huyu wa pili anastahili jibu refu, na ndiyo sababu nimeomba kurasa hizi. Nitayaeleza maisha ya mtu huyu, yale ya kumsifu na yale ya kumlaumu, ili tutakapokaa kwenye mabenchi kutazama, kila mtu ajue anachotazama.

Okot alizaliwa mwaka 1931 huko Gulu, kaskazini ya Uganda, katika nchi ya Waacholi. Jina Okot hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Baba yake, Jebedayo Opi, alikuwa mwalimu wa shule katika misheni ya CMS, chama kile kile ambacho kwa njia nyingine ndicho kilichotuzaa sisi wa upande huu wa Tanzania. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo aliyejulikana vijijini. Basi kijana alikulia katika nyumba yenye mambo mawili: tenzi za kanisani na nyimbo za uwanja wa ngoma. Wengi wetu tumekulia katika nyumba za namna hiyo, wala hatukuona ajabu. Okot aliona, na maisha yake yote alishindwa kuyanyamazia mambo hayo mawili.

Alisoma Gulu, kisha akapelekwa King's College, Budo, shule ambayo CMS waliianzisha mwaka 1906 juu ya kilima wanachotawaziwa Kabaka wa Buganda. Budo ilikuwa shule ya wakubwa. Watoto wa machifu na wa wachungaji walifundishwa huko Kiingereza, kriketi, kwaya na michezo ya jukwaani. Hapo ndipo kijana huyu wa Kiacholi alipoonja jukwaa kwa mara ya kwanza. Alitunga opera, yaani mchezo unaoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho, akaiita Acan, akaichezesha pamoja na wenzake. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu baadhi yetu tunadhani uigizaji ni upuuzi wa vijana wasiotaka kulima. Mtu huyu aliyekuja kujulikana Afrika nzima alianza hivyo hivyo, na wenzake wa shule, bila mshahara na bila jumba la maonyesho.

Baada ya Budo alijifunza ualimu Mbarara, akarudi kwao kufundisha katika shule ya Sir Samuel Baker karibu na Gulu. Masomo yake yalikuwa Kiingereza na Maarifa ya Dini, na kwaya ya shule ilikuwa mikononi mwake. Wazee wangu, naomba mlishike hilo: huyu mgomvi wa Kanisa alikuwa mwalimu wa dini. Hakulisema Kanisa kwa kusikia habari zake barabarani.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 22 tu, alitoa kitabu chake cha kwanza, Lak Tar, kwa Kiacholi. Ni hadithi ya kijana maskini anayependa msichana lakini hana mahari. Kijana anakwenda Kampala kutafuta fedha, anateseka katika kazi za vibarua, na kile kidogo anachokipata kinampotea akiwa njiani kurudi nyumbani. Kila mzazi wa Meru mwenye kijana aliyekwenda mjini au machimboni anaijua hadithi hiyo bila kusomewa.

Okot alikuwa pia mchezaji hodari wa mpira wa miguu. Mwaka 1956 alichaguliwa katika timu ya Uganda iliyozuru Uingereza, ile ambayo wengi wa wachezaji wake walicheza peku mbele ya Waingereza waliovaa njumu. Timu iliporudi nyumbani yeye alibaki kusoma. Alianza na ualimu Bristol, akaenda Aberystwyth katika nchi ya Wales kusoma sheria, na mwaka 1960 akaingia Chuo Kikuu cha Oxford kujifunza elimu ya mila na desturi za mataifa.

Huko Uingereza ndiko imani yake ilikovunjika. Watu hupenda kusema kwamba kijana akienda Ulaya huharibiwa na starehe. Kwa Okot mambo yalikuwa mengine. Alieleza mwenyewe baadaye kwamba katika mihadhara ya kwanza kabisa aliyoketi kusikiliza huko Oxford, mwalimu aliwataja Waafrika kwa majina ya watu wa porini, washenzi wasio na ustaarabu. Okot alisimama kupinga, lakini pingamizi lake halikubadili kitu, kwa maana maneno hayo yalikuwa yamejaa katika vitabu na katika majarida ya maktaba. Alipochunguza zaidi aliona kwamba baadhi ya vitabu hivyo viliandikwa na wamisionari, au kwa kutegemea habari walizozileta wao. Mtu aliyefundisha watoto Maarifa ya Dini akajikuta anauliza kama watu waliomletea dini walipata kumjua yeye ni nani. Swali hilo hakuliacha tena.

Tusiseme haraka kwamba swali hilo ni la Waacholi tu. Hapa hapa Akheri, mwezi wa Oktoba mwaka 1896, waliuawa wamisionari wawili wa Kilutheri wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Hawakuwa na ugomvi na mtu. Lakini walifika wakati mmoja na askari wa Kijerumani, wakapiga hema zao si mbali nao, na watu wa hapa hawakuwa na njia ya kupambanua yupi ameleta Injili na yupi ameleta bunduki. Adhabu iliyofuata kutoka kwa Wajerumani iliwaangukia Wameru na Waarusha kwa ukali mkubwa. Ndugu zetu Walutheri huwakumbuka wafia dini hao kwa heshima, na ndivyo ipasavyo. Nalisema hili kwa sababu Okot, kama angalizaliwa huku, angaliuliza ni nani aliyewachanganya watu hao wawili, wa msalaba na wa bunduki, mpaka mwenyeji asiweze kuwatenganisha.

Sasa nije kwenye kazi iliyomletea sifa. Aliporudi Uganda alifanya kazi Gulu katika elimu ya watu wazima ya Chuo cha Makerere, na huko alianzisha tamasha la sanaa. Waalikwa wake walikuwa wakulima, wapiga nanga na wacheza ngoma wa vijijini, ambao hakuna mtu aliyekuwa amepata kuwaita wasanii. Katika siku hizo alilimaliza shairi refu ambalo alikuwa amelianza kwa Kiacholi tangu miaka ya 1950. Kwa Kiingereza lilitolewa Nairobi mwaka 1966 kwa jina la Song of Lawino. Kiacholi chenyewe kilitoka mwaka 1969. Mwaka 1975 Paul Sozigwa, Mtanzania mwenzetu, alilitoa kwa Kiswahili kama Wimbo wa Lawino, na ndicho kitabu ambacho vijana wetu wanakitumia.

Kisa chake ni chepesi. Lawino ni mke asiyesoma. Mumewe, Ocol, amesoma sana, na elimu imemfanya amwonee haya mkewe, mama yake, vyakula vya nyumbani, ngoma na hata nywele za watu wake. Amechukua mwanamke mwingine wa mjini, aitwaye Clementine, anayejipaka poda na rangi ya midomo. Lawino anawalilia jamaa zake. Anamsema mumewe, anamsema mwanamke yule, anaisema saa ya ukutani, jiko la umeme na vyama vya siasa vinavyowafanya ndugu wa tumbo moja wasisalimiane. Watu walikipenda kitabu kwa sababu kilikuwa na sauti ya nyumbani. Husimuliwa kwamba Okot alipompelekea mama yake kitabu kilichochapishwa, mama alifurahi, kisha akamwomba amwimbie. Profesa mtarajiwa alishindwa, kwa maana wimbo wake haukuwa na sauti ya kuimbika. Mama alikuwa ametunga nyimbo maisha yake yote bila karatasi, na hakuelewa wimbo gani huo usioimbika.

Mwaka huo huo wa 1966 Okot alifanywa mkurugenzi wa Kituo cha Utamaduni cha Uganda, pamoja na Jumba la Taifa la Michezo lililo Kampala. Jumba hilo lilikuwa limefunguliwa mwaka 1959, na kwa muda mrefu waliolitumia zaidi ni vikundi vya Wazungu wapenda michezo, watu wa maofisini ambao jioni walifanya mazoezi ya tamthilia za kwao London. Sina neno baya juu yao, kwani nao walikuwa wanafanya kama vijana wetu, kwa mapenzi tu. Lakini Mganda wa kawaida alipita nje akaliona jumba kama benki, pahali pa wenye shughuli zao. Okot akawafungulia wapiga ngoma wa kila upande wa Uganda. Mwezi wa Oktoba 1967, wakati wa sikukuu ya Uhuru, aliandaa tamasha kubwa la siku nyingi, na watu waliopata kuziona ngoma zao uwanjani tu wakaziona zikipewa heshima ya jengo la serikali.

Kazi hiyo haikudumu. Mwaka 1968 alikwenda Zambia, na aliporudi akakuta ameachishwa. Serikali ya Obote haikupendezwa na mtu aliyezoea kuwasema wakubwa hadharani, na Wimbo wa Lawino ulikuwa umewasema wanasiasa vya kutosha. Akawa mkimbizi wa kalamu. Alivuka mpaka akafanya kazi Kisumu, na kwa kuwa hakuweza kukaa mahali bila kukusanya watu wacheze, mwishoni mwa mwaka ule ule alikuwa amekwisha kuandaa tamasha la sanaa huko. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akapita Iowa huko Marekani, kisha Ife huko Nigeria. Sitakawia hapo.

Nikawie mahali ambapo mzee wangu yule wa pili ana uchungu.

Katika Wimbo wa Lawino iko sehemu ambayo Lawino anasimulia jinsi alivyokwenda kufundishwa dini. Anaeleza darasa la jioni ambalo mwalimu anapiga kelele maneno ambayo yeye haelewi, na wanafunzi wanayarudia kama kasuku, huku ngoma ikisikika ng'ambo na wenzake wakicheza mbalamwezini. Mwisho anatoka mbio kwenda kwenye ngoma. Anaeleza pia jinsi alivyosikia habari za Ushirika Mtakatifu kwa Waprotestanti, yaani sisi, akadhani kwamba watu wanakula nyama ya mtu na kunywa damu yake, akaogopa akakimbia. Ni maneno makali. Msomaji Mkristo akiyasoma mara ya kwanza husikia kama amechomwa.

Vijana walipofika kwenye sehemu hiyo katika mazoezi, walisimama. Msichana anayeigiza kama Lawino alikataa kuyasema, na sioni vibaya kwamba alikataa, kwa sababu amepata kipaimara juzi tu na maneno hayo yanamhusu. Wengine wakasema yaondolewe. Mmoja akasema yasiondolewe, ila aingie mchungaji jukwaani na kumjibu Lawino. Wakaja kuniuliza, mimi ambaye naonekana nina vitabu. Niliwaambia kwamba kumwingiza mchungaji ambaye mtunzi hakumwandika ni kumfunga mtu mdomo kwa mkono wa Kanisa, na kwamba afadhali wamwachie mtazamaji asikie kama Lawino alivyosikia. Maana lawama pale haikuelekezwa kwa mkate na divai. Imeelekezwa kwa mwalimu aliyemwacha mwanamke mzima atoke mlangoni na wazo hilo kichwani bila kumwuliza amesikia nini. Mimi mwenyewe nimekaa katika madarasa ya katekisimu ambamo watoto walijibu maswali yote sawasawa na hakuna aliyejua alilojibu. Hatimaye msichana alikubali kuyasema, lakini kwa sauti ya hofu wala si ya dhihaka, na kwa kweli ilikuwa bora kuliko ilivyo katika kitabu. Mambo ya namna hiyo huonekana jukwaani tu.

Lakini Okot hakuishia katika ushairi. Mwaka 1970 alitoa kitabu juu ya dini za Kiafrika katika maandishi ya wataalamu wa Ulaya, na mwaka 1971 kingine juu ya dini ya Waluo wa Kati, yaani watu wake na jirani zao. Katika maandishi hayo anasimulia kisa kinachohusu jina la Mungu, na ni kisa ambacho kila mwinjilisti angepaswa kukijua.

Mwaka 1911 mapadre Wakatoliki kutoka Italia waliwakusanya wazee wa Kiacholi, wakawauliza ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ya kufanya kitu kutoka pasipo kitu, swali lilifasiriwa kama nani aliyewafinyanga. Wazee wakashangaa, kwa maana mtu hafinyangwi kama chungu, huzaliwa na mama yake. Wakajibu hawajui. Wakakazaniwa wajibu. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba yako maradhi ya uti wa mgongo, ambayo waganga wa hospitali hutuambia ni kifua kikuu kilichoingia katika mifupa. Mtu aliyezaliwa amenyooka huanza kupinda mpaka akawa na kibiongo, kana kwamba amefinyangwa upya. Nguvu inayoleta maradhi hayo iliitwa Lubanga. Basi mzee akasema anayefinyanga watu ni Lubanga. Mapadre wakafurahi kuwa wamelipata jina, wakaondoka nalo, wakaanza kuhubiri kwamba Lubanga ni mwema na anawapenda wote.

Hivyo ndivyo anavyosimulia Okot. Wako wanaosema kwamba jina hilo lilitoka kusini, kwa Wanyoro, ambao Mungu kwao ni Ruhanga, na kwamba Wakristo wa kwanza walilibeba kutoka huko. Huenda yote mawili yana kweli ndani yake. Kwa vyovyote vile, kisa kinatufanya tutazame nyumbani. Wachaga walikuwa na Ruwa, ambalo ni jina la jua pia. Wamasai na Waarusha wana Engai, jina linalokwenda pamoja na mvua na mbingu. Wamisionari huku waliyachukua majina hayo, na watu waliyatambua. Hata katika Kiswahili Askofu Steere hakulazimika kuvumbua, kwani watu wa pwani walikuwa wakimtaja Mungu kwa jina hilo katika sala zao za Kiislamu kabla yeye hajatia mguu Unguja. Nani ajuaye ingalikuwaje kama wazee wa huku wangaliulizwa swali moja tu la haraka na mtu mwenye kalamu mkononi?

Kutokana na hayo Okot aliamua jambo kubwa zaidi, na hapo mimi simfuati. Alisema kwamba Waacholi wa zamani hawakuwa na wazo la Mungu mmoja mkuu aliyeumba vyote, na kwamba wasomi Wakristo wa Kiafrika waliosema Waafrika walimjua Mungu huyo walikuwa wanaivisha miungu ya babu zao nguo za Kigiriki ili ipendeze machoni pa Wazungu. Katika aliowashambulia alikuwamo Kasisi John Mbiti, Mkenya na Mwanglikana mwenzetu, aliyekuwa akifundisha Makerere, na ambaye kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika kilitoka mwaka 1969. Mbiti alikuwa amekusanya habari za makabila mengi kwa uvumilivu wa miaka. Inawezekana Mbiti alipaka rangi moja juu ya vitu vingi. Lakini Okot naye aliwatazama Waacholi akataka bara zima lifanane nao. Tena alisahau, au hakutaka kukumbuka, kwamba Mwafrika anaweza kusikia habari za Mungu, akazielewa, akazipenda, bila ya kuwa amedanganywa na mtu.

Ushahidi wa hilo ulikuwa karibu naye kabisa. Janani Luwum alikuwa Mwacholi kama yeye, mzaliwa wa 1922, mwalimu wa shule kama yeye, mtoto wa Kanisa lile lile. Akaokoka mwaka 1948 katika Uamsho, akawa mchungaji, akawa askofu, na tangu 1974 Askofu Mkuu. Tarehe 16 Februari 1977 aliuawa na utawala wa Amin kwa kuwa hakukubali kunyamaza. Alipokuwa akisali katika lugha ya mama yake alimwita Mungu Lubanga. Vijana wetu wamewaweka watu hawa wawili jukwaani kwa pamoja kwa dakika chache, kila mmoja upande wake, bila kuzungumza. Hawana hati yoyote ya mazungumzo yao, kwa hiyo wamefanya vema kuwanyamazisha.

Yapo mengine ya kumlaumu. Aliandika wimbo mzima kwa sauti ya malaya, uliotoka mwaka 1971, na wengi waliuona ni wa kuwatukanisha wake za watu. Wako akina mama wasomi waliosema kwamba Lawino ni mwanamume aliyejifunga kanga, kwamba mwanamke wa kweli angekuwa na mengi ya kulalamikia katika mila zenyewe ambazo Okot anazitetea. Kiongozi mmoja wa Umoja wa Mama, akiwa anashona maleba ya mchezo huu (joho la Oxford limetoka katika pazia la zamani), aliniambia jambo hilo hilo bila kusoma mtaalamu yeyote. Alisema Lawino hamtaji hata mara moja mtu wa kuchota maji.

Nami naongeza langu. Mtu huyu aliyemcheka Ocol kwa kusoma na kusahau kwao, yeye mwenyewe alikuwa amesoma katika vyuo vitatu vya Uingereza, na umaarufu wake ulikuja kwa Kiingereza. Mwaka 1970 alimpa Ocol nafasi ya kujibu, katika shairi liitwalo Song of Ocol. Watu wengi hulisoma kama dhihaka tu. Mimi hudhani humo yamo machungu ya mtunzi mwenyewe, kwa maana Ocol analia juu ya Afrika kama mtu anayejichukia. Kijana anayeigiza kama Okot katika mchezo wetu ndiye pia anayeigiza kama Ocol. Walifanya hivyo kwa upungufu wa wavulana, si kwa hekima, lakini imetokea vizuri.

Miaka yote ya Amin, tangu 1971 hadi 1979, Okot alikaa nje. Waacholi wengi walikuwa askari, na katika mwaka wa kwanza tu wa utawala ule waliuawa kwa mamia katika kambi. Hapa hatuhitaji kuelezwa sana vita vilivyoumaliza utawala huo, kwani ziko nyumba katika tarafa hii ambazo vijana wake walikwenda na hawakurudi. Baada ya Amin kuangushwa Okot alirudi nyumbani, akafanya kazi Makerere, na mwaka 1982 akapewa uprofesa wa utunzi wa fasihi, wa kwanza wa namna yake huko. Aliifanya kazi hiyo kwa miezi michache. Alifariki Kampala mwezi wa Julai mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 51. Ndio mwaka ambao Dayosisi yetu ya Mlima Kilimanjaro ilianzishwa, kwa hiyo wale wanaokumbuka sherehe zetu wanaweza kupima wenyewe ni zamani kiasi gani.

Vitabu vyake vinasomwa bado. Watoto wetu wa sekondari wamesomeshwa habari za Lawino na Ocol darasani, mara nyingi bila mzazi kujua ni kitu gani kimo ndani ya mfuko wa shule. Nyimbo za Kiacholi alizozikusanya kwa miaka mingi, zilizotolewa mwaka 1974, zimehifadhi sauti za watu waliokufa kabla vita vya kaskazini ya Uganda havijatawanya vijiji vyao. Lak Tar, ile hadithi ya ujana wake, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, naye hayuko.

Na jina lile alilolipiga vita halikuondoka. Huko Gulu, Waanglikana kwa Wakatoliki, Biblia yao husema Lubanga, na mtoto anayefundishwa Baba Yetu magotini pa bibi yake hamfikirii mtu wa kibiongo.